Kinachougua ni kiungo: utatuzi wa matatizo kwenye majengo ya vipande vya kiwandani penye matetemeko

Ukiitwa kwenye jengo la vipande vya kiwandani lenye shida, usianze kukagua kipande. Nguzo iliyomwagwa kiwandani kwenye boksi la chuma, ikapigwa vibreta vizuri na kumwagiliwa maji siku zake zote, mara nyingi ni nzima kuliko utakayoimwaga saiti manyunyu yakianza. Shida iko pale nguzo inapokaa juu ya nguzo, slabu inapolalia bimu, ngazi inapogusa sakafu. Sentimita chache hizo ndizo zinazofanywa saiti, kwa haraka, pengine Jumamosi jioni, na mtu ambaye hakuonyeshwa mchoro. Tetemeko likija halihangaiki na zege zuri. Linazitafuta hizo sentimita.

Armenia walilijua hilo kwa gharama kubwa tarehe 7 Desemba 1988. Katika mji wa Leninakan, leo Gyumri, kulikuwa na majengo ya ghorofa 9 ya fremu za vipande, na mengine ya paneli kubwa za kuta. Yale ya fremu yalianguka kwa makumi, ya paneli yakabaki yamesimama. Nondo za nguzo za fremu ziliungwa kwa kuchomelewa, rinki (pete za chuma zinazozifunga nondo) zilikuwa chache, na slabu zilipangwa bila kufungwa pamoja ili ziwe sahani moja. Watu wasiopungua 25,000 walikufa katika tetemeko lile.

Na asikudanganye mtu kwamba huku kwetu ardhi imelala. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa linapita Kigoma, Bujumbura, Bukavu hadi Uganda. Tarehe 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4. Bukavu ilitikiswa Februari 2008. Kagera ilipata lake tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Maghala, hosteli, madaraja na majengo ya hospitali ya vipande sasa yanafika maeneo hayo hayo. Ninayoandika hapa ni kwa anayefunga vipande na anayemsimamia. Hesabu za mhandisi wa jengo zinabaki palepale.

Nondo za chini haziingii kwenye nguzo ya juu

Nguzo ya juu huja na mabomba ya chuma yaliyozamishwa mguuni. Nondo zinazosubiri kutoka chini zinaingia humo, grauti (rojo la saruji la kujazia) inapigwa, nondo mbili zinakuwa moja. Njia hii aliibuni mhandisi Alfred Yee wa Hawaii, na ni nzuri sana ikifanywa sawasawa. Haina msamaha lakini. Nondo ya milimita 25 ndani ya bomba la milimita 50 inabakiwa na milimita 12 na kidogo kila upande, yaani unene wa kidole.

Kabla ya kumlaumu mtu, chukua tepu upime kila nondo kutoka kwenye mstari wa gridi. Usipimie kwenye ukingo wa zege, maana ukingo wenyewe unaweza kuwa umekosewa. Zote zikiwa zimehamia upande mmoja kwa kiasi kilekile, ni kosa la upimaji. Kila moja ikiwa imeelekea kwake, nondo hazikushikwa wakati wa kumwaga: zilifungwa kwa waya tu, mpira wa pampu ukazisukuma. Ikiwa imeharibika moja ya pembeni, iligongwa na ndoo ya kreni baadaye.

Dawa ya kudumu ni bati la kigezo: bati nene lililotobolewa kiwandani kwa mpangilio uleule wa mabomba, linavalishwa nondo kabla ya kumwaga na kutolewa zege likishakauka. Gharama yake ni ndogo kuliko kreni kusimama nusu siku. Kama kosa limeshatokea, mhandisi anaweza kuruhusu kutoboa na kupandikiza nondo mpya kwa gundi ya epoksi, au kiwanda kikatengeneza nguzo yenye mabomba mapana zaidi. Kisichoruhusiwa ni kupasha nondo kwa gesi ili ikunjike. Nondo nyingi za siku hizi hupata nguvu zake kwa kupozwa ghafla kiwandani, kwa hiyo ukizichoma unaziondolea kile ulicholipia. Na nondo iliyopindwa, tetemeko likiivuta itajinyoosha na kurusha zege lililo mbele yake.

Kibaya kuliko vyote ni kukata. Asubuhi moja, kwenye saiti ya hosteli kando ya ziwa, niliona vidoa vya kutu juu ya zege karibu na mguu wa nguzo ya kona, vidogo kama punje za ulezi. Nguzo ilikuwa imeshasimama, imeshikwa na mihimili, iko timazi safi. Vidoa vile ni cheche za grainda zilizotua usiku na kupata umande. Nikamuuliza fundi mkuu, mtu mzima kuliko mimi, nani amekata nondo hapa.

"Injinia, ni moja tu kati ya nane. Nyingine zimeingia zote."

"Mzee wangu, na hiyo moja ni ya kona?"

Akanyamaza. Nguzo ikatolewa, na kipisi kilikuwa pale, kimekatwa sawa na zege, kinang'aa kama sarafu mpya. Jengo linapoyumba, nondo za kona ndizo zinazovutwa kuliko zote. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo walivyokusudia, na isingekuwa ule umande wangefanikiwa.

Grauti haitoki kwenye tundu la juu

Kila bomba lina matundu mawili. Grauti inasukumwa kwa pampu kupitia tundu la chini na inatakiwa kutokea la juu, ikiwa nzito, haina mapovu. Hapo ndipo unaziba. Isipotoka, au ikitoka kidogo kisha ikazama, usiendelee kusukuma kwa hasira.

Angalia kwanza mguuni. Ile nafasi ya milimita 20 kati ya nguzo na sakafu huzibwa pembeni kwa udongo wa saruji au kwa boksi dogo. Kizibo kikiwa na ufa, grauti inakimbilia nje au, mbaya zaidi, inaingia kwenye tundu la bomba la umeme lililo karibu na kupotea bila wewe kuona. Grauti inayotoka kwenye matundu matano na kukataa kwenye moja inasema kitu kingine: bomba hilo limeziba. Mara nyingi ni zege la kiwandani lililoingia wakati wa kumwaga, au donge la karatasi ambalo mtu aliweka ili mdudu asiingie na hakulitoa. Ndiyo maana kabla nguzo haijanyanyuliwa kila bomba lipulizwe hewa na limulikwe tochi. Ikishasimama umechelewa.

Ikiwa grauti inakataa kwenye mabomba yote, tatizo liko kwenye ndoo. Soma mfuko: umeandikwa lita ngapi za maji kwa mfuko mmoja, na tarehe. Fundi aliyezoea kuchanganya plasta hupima maji kwa jicho. Maji yakipungua grauti haisukumiki, yakizidi inasukumika vizuri mno, inamfurahisha kila mtu, halafu inashuka na kuacha ombwe juu kabisa ya bomba. Kwa hiyo ile inayotiririka kama uji mwepesi iogope kuliko ile nzito. Joto nalo ni adui. Mifuko iliyokaa juani Dar es Salaam au Mombasa hadi saa saba mchana itaganda ndani ya mpira wa pampu kabla hujamaliza nguzo ya pili. Hifadhi mifuko kivulini, tumia maji ya baridi, anza kazi alfajiri. Usiongeze maji kwenye grauti iliyoanza kukaza.

Pampu ikikufia katikati ya nguzo, usisubiri ipone. Kila grauti ina dakika zake, zimeandikwa. Kama pampu ya akiba haipo saiti, toa vizibo na usafishe yote kwa maji yenye kasi, uanze upya siku nyingine. Nusu ya leo na nusu ya kesho hazishikani.

Ukishaziba matundu yote, rudi baada ya dakika chache, fungua machache ya juu na uingize waya. Grauti ikiwa imeshuka, ongeza papo hapo. Ikishakauka, njia iliyobaki ni kutoboa kwa dril kwenye tundu la juu na kupitisha kamera nyembamba ya kukagulia mabomba. Ombwe likionekana, grauti inaweza kuingizwa tena kupitia tundu lilelile kwa mrija mwembamba. Kazi ni ya kuchosha, lakini inawezekana.

Ukingo wa slabu unamegeka pale unapokalia bimu

Dalili: vipande vya zege vyenye ukubwa wa kiganja vinadondoka chini ya ncha za slabu za matundu, au ufa unatembea sambamba na bimu, sentimita kadhaa kutoka kwenye ncha.

Chanzo cha kwanza ni kikalio kifupi, yaani ile sehemu ya slabu inayolala juu ya bimu. Kanuni za zege za Marekani zinadai slabu ya aina hii ikalie si chini ya urefu wake ukigawanya kwa 180, na isiwe chini ya milimita 50. Slabu ya mita 9 inahitaji milimita 50, ya mita 12.6 inahitaji 70. Kwenye mchoro inatosha. Saiti slabu imekuja fupi kwa milimita 10, bimu imekaa pembeni kwa nyingine 10, na ukingo wa bimu una zege la nje ya rinki ambalo ndilo la kwanza kubanduka likitikiswa. Toa hayo yote uone kilichobaki. Mimi nimepima kikalio cha milimita 22 kwenye jengo ambalo mchoro wake uliandika 75, na juu yake watu walikuwa wanapanga mbao za kazi inayofuata.

Chanzo cha pili watu wengi hawakijui. Bimu zikijikunja kwenye tetemeko hupasuka karibu na nguzo, zinarudi, zinapasuka upande wa pili, na kila ufa unabaki wazi kidogo. Fremu nzima inarefuka. Slabu hairefuki. Kwa hiyo bimu zinaondoka chini ya slabu, milimita kwa milimita. Wellington, New Zealand, tarehe 14 Novemba 2016, jengo la ofisi za takwimu ambalo halikuwa la zamani lilidondosha sehemu za sakafu zake kwa namna hiyo. Ilikuwa dakika chache baada ya saa sita usiku, hakukuwa na mtu ndani.

Chanzo cha tatu ni kukosa mkanda wa mpira au plastiki chini ya slabu. Zege likikaa juu ya zege, joto la mchana na baridi ya usiku vinatosha kulimega hata bila tetemeko.

Dawa ya slabu zilizokwisha kukaa ni pembe ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye ubavu wa bimu, chini ya ncha ya slabu. Hapa mafundi hukosea kwa nia njema: wanaibana pembe hadi inasukuma slabu juu. Iache milimita kama 10 chini yake. Kazi yake ni kudaka, na ikibana mapema itaivunja slabu mbele ya kikalio, mahali ambapo nondo hazipo.

Zege la juu linalia kama debe tupu

Juu ya slabu huwa tunamwaga zege jembamba lenye wavu ili sakafu nzima iwe sahani moja inayopeleka nguvu za tetemeko kwenye kuta. Ipige kwa nyundo ndogo au buruta mnyororo. Sauti ikibadilika kutoka kavu kuwa ya debe, zege limeachana na slabu. Sababu huwa vumbi, mafuta ya boksi, au uso uliolainishwa kiwandani kwa mwiko na mtu aliyedhani anafanya uungwana. Uso huo unatakiwa uwe na mikwaruzo na uloweshwe kabla, bila kuacha madimbwi.

Nyufa zilizonyooka juu ya kila kiungo cha slabu ni jambo jingine. Zikiwa nyembamba kama unywele, ni za kukauka. Zikizidi unene wa kucha baada ya mtikisiko, chimba uone wavu. Baada ya tetemeko la Northridge, California, 17 Januari 1994, maghorofa kadhaa ya kuegeshea magari yalikutwa nyavu zake zimekatika juu ya viungo, maana waya mwembamba uliochomelewa hauvutiki sana kabla ya kukatika. Juu ya viungo weka nondo za kawaida, laini za kuvutika, zipite pande zote mbili kwa urefu wa kutosha. Wavu peke yake ni wa kuzuia nyufa za kukauka.

Bimu ya ghala imehama juu ya nguzo

Unaona rangi mbili kwenye bega la nguzo, pale bimu inapokalia: sehemu iliyofifia na ukanda mpya, safi, ambao jana ulikuwa umefunikwa na bimu. Ukanda huo ukifika sentimita 2, funga ghala. Simaanishi upunguze kazi. Watoe watu.

Bimu ile ilikuwa imekaa kwa uzito wake tu. Kaskazini mwa Italia, mkoa wa Emilia, viwanda vingi vilijengwa hivyo kwa sababu eneo halikuhesabiwa kuwa la matetemeko hadi ramani mpya ya 2003. Tarehe 20 Mei 2012 ardhi ilitikisika, tarehe 29 ikarudia, asubuhi wafanyakazi wakiwa wamesharejea kazini. Bimu ziliteleza zikaanguka, nguzo nyingi zikabaki zimesimama bila paa. Uzito hauaminiki kushika kitu, kwa sababu ardhi ikisukuma juu na chini bimu inakuwa nyepesi kwa nukta chache, na nukta chache zinatosha.

Ghala likiwa jipya, weka nondo au bolti nene zinazotoka kwenye bega la nguzo na kupita kwenye bimu, zijazwe grauti, nati juu. Ghala la zamani linafungwa kwa mabano ya chuma pande mbili. Nani anaogopa gharama? Mabano ni kazi ya karakana yoyote ya kuchomelea, hesabu tu ndizo zitoke kwa mhandisi. Angalia pia nguzo yenyewe imezama vipi kwenye kikombe cha msingi: nguzo ikicheza mguuni, mabano ya juu hayatakusaidia.

Kipande kimepasuka kikinyanyuliwa

Sababu ni tatu tu: kimetolewa kwenye boksi mapema, kimeshikwa mahali pasipo pake, au slingi (kamba za kunyanyulia) zimelala mno. Paneli ya tani 6 ikishikwa na slingi mbili zilizoinuka nyuzi 60 kutoka mlalo, kila slingi inabeba karibu tani 3.5. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja inabeba tani 6 kamili na kuikaba paneli kwa ndani. Ufa unaotokea katikati, upana wa unywele, ambao unajifunga kipande kikilazwa, huwa unaweza kuzibwa. Unaopita kwenye ndoana ya kunyanyulia, rudisha kiwandani.

Ngazi zinapasuka, jengo zima halina hata mkwaruzo

Ngazi iliyofungwa juu na chini ni mhimili wa mshazari. Jengo likiyumba, sakafu mbili zinapishana, na ngazi inajaribu kuzizuia. Haiwezi. Christchurch, 22 Februari 2011, watu 185 walikufa mjini humo. Jengo la Forsyth Barr lenye ghorofa 18 lenyewe lilisimama, lakini ngazi zake ziliporomoka na watu wakanasa juu hadi walipookolewa kutoka nje. Fikiria hilo: jengo limekulinda, halafu huna pa kushukia.

Ngazi ya kiwandani ifungwe upande mmoja, kwa kawaida juu. Mguu wa chini uteleze kwenye kikalio kirefu, na mbele yake ibaki nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo inayoleta ugomvi na watu wa fanicha na vigae. Nilipita siku ya makabidhiano kwenye jengo moja, nikakuta kijana amepiga magoti kwenye kila lendingi, ana sufuria la udongo wa saruji na kisu cha putty, anajaza zile nafasi moja baada ya nyingine na kufuta ukingo kwa kidole. Kazi safi kweli. Nilipomuuliza akasema, "Bosi, mteja amesema zinaingiza mende." Ghorofa sita zilishajazwa.

Tulizichimbua kwa patasi siku mbili. Sasa naandika kwenye mchoro wa vigae, si kwenye wa zege peke yake, kwamba hapo panawekwa kifuniko cha bati kinachoteleza, kimefungwa upande mmoja tu. Mende hapiti, ngazi inasogea. Ukikagua jengo la zamani, piga kwa nyundo pale ngazi inapokutana na sakafu. Pakilia zege tupu, omba ruhusa uchimbe.

Milango inagoma baada ya mtikisiko

Timazi kwenye nguzo za ghorofa ile, pande mbili. Nguzo zikiwa wima, kilichoharibika ni ukuta wa tofali na fremu ya mlango. Zikiwa zimelala, na ghorofa za juu yake ziko sawa, una ghorofa dhaifu: mara nyingi ni ile ya chini yenye maduka na maegesho, ambako kuta ziliondolewa. Hapo panahitajika mhandisi kabla mtu hajarudi kuchukua hata simu.

Pia tafuta nyufa za herufi X kwenye nguzo kando ya madirisha marefu ya mlalo, hasa shule na hospitali. Mchoro wa fremu ulihesabu nguzo ya mita 3. Fundi tofali akajenga ukuta hadi mita moja na nusu na kuubana kwenye nguzo, madirisha juu. Sasa inayoweza kujikunja ni nusu ya juu tu, na nguzo ikifupishwa nusu ukakamavu wake unakuwa mara nane. Inajivutia nguvu ambazo wenzake walipaswa kugawana, kisha inakatika. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 5 kati ya ukuta na nguzo kadiri hesabu zinavyosema, jaza kitu laini, na ushike ukuta kwa vipande vya chuma ili usianguke mbele au nyuma.

Jengo lenye mito ya mpira linatikisika kama la kawaida

Mito ya mpira yenye moyo wa madini ya risasi, inayowekwa chini ya jengo ili ardhi isogee bila kulivuta, kazi ya Bill Robinson wa New Zealand, ilianza kubeba jengo zima Wellington mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ikishindwa, mara chache kosa ni la mto. Zunguka jengo kwenye handaki linalolitenga na ardhi. Utakuta mifuko ya saruji, viti vibovu, kibanda cha mlinzi kilichomwagiwa zege pande zote mbili, au bomba la maji taka lililonyooka bila kiungo cha kunyumbuka. Chochote kinachoshika pande mbili kinaufanya mto uwe pambo. Toa.

Hakuna dalili yoyote

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, maana kiungo kibovu hakiumi hadi siku ya tetemeko. Jengo limesimama miaka 3, halina ufa, mwenye nyumba anashangaa unamwuliza nini. Hapo acha nyundo kwanza. Nenda stoo uombe leja.

Chukua nguzo ya sentimita 40 kwa 40 yenye nondo nane za milimita 25. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 50 na urefu wa milimita 500, ukitoa nafasi ya nondo, linameza kama lita 0.74 za grauti. Mabomba manane ni lita 5.9. Kitanda cha milimita 20 chini ya nguzo ni lita 3.2. Kwa hiyo nguzo moja inakula lita 9.1. Mfuko wa kilo 25 kwa kawaida unatoa lita 12 hivi, imeandikwa ubavuni. Nguzo 40 ni lita 364, yaani mifuko 30 na kidogo, na ukiongeza ya kubaki kwenye mpira wa pampu na ya vipimo, 33 au 34.

Kwenye jengo moja la nguzo 40 nililokabidhiwa kulikagua, kumbukumbu za grauti zilikuwa safi ajabu: kila nguzo ina tarehe, ina sahihi, ina alama ya vema, kalamu ileile na mwandiko uleule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Leja ya stoo ilionyesha mifuko 19 imetoka. Mtunza stoo alikuwa mama makini, kila mfuko umeandikwa na saa. Nikamwuliza kama kuna mifuko ilikuja kwa njia nyingine, pengine kwa gari la kiwanda.

"Mwanangu, hapa hata msumari haupiti bila kuandikwa."

Mfuko wa mwisho ulitoka siku ya Alhamisi. Nguzo 14 zilikuwa na tarehe za Ijumaa na Jumamosi. Tukaazima dril na kamera, tukaanza na hizo.